Kitabu Kilipoisha, Dripu Zilikuwa Bado Tatu

Wewe uliyekaa kwenye benchi na faili mapajani, nakuandikia wewe. Habari za dawa sizigusi, madaktari wapo. Wala sikuelezi kansa ni nini, maana nimekaa nayo mwaka mzima na bado sijui ni nini, najua tu ilikaa wapi na ilivyonitoa jasho. Nakuandikia habari za kusubiri. Siku nyingi ugonjwa wenyewe ndiyo huko kusubiri, na mimi hapo ndipo nusura nishindwe.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka zaidi ya thelathini nimekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa Kariakoo, nashona mapazia na foronya. Shule niliishia darasa la nne, lakini pazia langu halijawahi kurudishwa na mteja. Uvimbe niliukuta kazini. Nilikuwa nimeegemeza jora kifuani nikilikunjua, nikasikia kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama kifungo kilichonasa ndani ya nguo. Nikakitafuta hicho kifungo, nikapekua gauni, nikapekua sidiria. Kilikuwa ndani ya nyama.

Titi likatolewa. Hapo sina maneno mengi. Unalala unalo, unaamka huna, na mahali pake pana mshono ambao ungekuwa wangu ningeufumua nikaurudia. Kidonda kilipokauka, daktari akasema sasa dripu nane, kila baada ya wiki tatu. Nikamwambia sawa, kama vile ameniagiza mapazia manane.

Dripu ya kwanza ilikuwa mvua za masika zimeanza, Magomeni kwangu kote matope. Nilikaa chumba cha kusubiri toka asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna anayekwambia kwamba huko unaitwa moyoni mara mia: kila nesi akitokea na karatasi unadhani ni wewe, unasimama nusu, unakaa tena. Halafu dripu yenyewe. Nilirudi nyumbani na ladha ya msumari mdomoni, nikatapika hadi maji niliyokunywa juzi. Baada ya dripu ya pili nywele zikabaki kwenye mto kama sufi. Kucha zikawa nyeusi. Nikasema basi. Nimezaa watoto watano, nimezika mume, hakuna atakayenilaza pale mara ya tatu.

Mwanangu Shabani alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, ukiacha dripu unakufa."

"Nikiendelea je, nitaishi milele?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Na jambo jingine. Watu wakikuuliza unaumwa nini, wewe sema presha."

"Presha inakata titi?"

Shabani si mtoto mbaya. Anaogopa maneno ya mtaani kuliko anavyoogopa mvua. Kwa miezi miwili nilikuwa mgonjwa wa presha mwenye kilemba, na majirani wananiletea uji usio na chumvi.

Aliyenirudisha hospitali ni Tatu, binti yake Shabani. Kamaliza chuo, kasomea lugha, anasubiri ajira. Mimi na Tatu tunaitana mke mwenzangu, maana mjukuu wa kike na bibi yake wanagombea mume mmoja, hata kama mume mwenyewe yuko makaburini. Basi akaja na kitabu kizee, kanunua kwa wale wanaotandika vitabu chini kule Posta. Cha Kizungu, jalada limeliwa pembe.

"Mke mwenzangu," akasema, "hiki kina mapenzi na kina vitisho. Nitakusomea kwa Kiswahili. Lakini nasomea hospitali tu. Hapa nyumbani sifungui hata ukurasa."

"Unanihonga?"

"Ndiyo."

Na palepale, mchana, jua kali, majirani wanatwanga, akanisomea ukurasa mmoja tu wa kuonja. Kuna binti yatima, fundi wa mapazia. Ndiyo, fundi wa mapazia! Anaitwa kwenye jumba la mawe katikati ya kinamasi, ashone mapazia ya vyumba vyote. Mwenye jumba ni mwanaume mrefu asiyecheka. Binti anahesabu madirisha kwa ndani ili ajue kitambaa kiasi gani. Siku ya pili anazunguka nje, anahesabu tena. Ya nje yamezidi manne.

Tatu akafunga kitabu.

"Yamezidi vipi?" nikauliza.

"Jumanne, hospitali."

Nilikwenda. Sikumwambia mtu sababu, lakini niliifuata hiyo dripu ya tatu kwa ajili ya madirisha manne.

Kule benchi tukawa wawili, wiki tatu baadaye tukawa kumi. Tatu hasomi kwa kunong'ona, ana koo la mwalimu. Wa kwanza kusogea alikuwa Mama Aika, Mchaga mwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo, naye amekatwa titi kama mimi ila la kulia. Mama Aika hasikilizi hadithi, anaihukumu.

"Aisee, huyo mwanaume muongo! Kwa nini hawali wote mezani?"

"Mama Aika, subiri."

"Sisubiri. Huyo ana mke huko ndani. Nimekaa dukani miaka yote, mume mwenye siri namjua anavyoshika glasi."

Kinamasi kinatoa ukungu, binti anasikia mtu anaimba nyuma ya ukuta, mwanaume anampenda lakini kila akitaka kusema anaondoka na farasi. Na sisi tuko pale na vilemba vyetu, nje wauza maji wanaita, nesi anapita na trei, anapunguza mwendo makusudi. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, dripu ya nne ikaenda hivyohivyo. Nilitapika bado, usinielewe vibaya. Lakini nilitapika nikiwa na jambo la kuwaza.

Dripu ya tano tulifanya kosa. Asubuhi nilipimwa damu, majibu yakachelewa, tukaambiwa tusubiri hadi alasiri. Watu kumi hawana la kufanya. Mama Aika akasema, "Endelea, mwanangu, endelea." Tatu anasoma, sisi tunamsukuma, kama watu waliopewa chungu cha pilau na hawajui kwamba ndicho cha wiki nzima. Alasiri majibu yanakuja, na kitabu kimekwisha. Nyuma ya yale madirisha manne, ambayo kumbe kwa ndani yalizibwa kwa ukuta wa matofali, alikuwa dada yake yule bwana. Mgonjwa. Familia ilimficha tangu usichana kwa sababu ya aibu. Yule fundi wa mapazia ndiye aliyembomolea ukuta, na bwana akamwoa akiwa na vumbi la matofali kichwani.

Mama Aika akajipangusa macho akasema, "Nilijua tangu mwanzo." Alikuwa hajui lolote.

Jioni ile nilipofika Magomeni sikuingia ndani. Nilikaa barazani, nikavua kilemba mbele ya majirani, nikasema, "Jamani, si presha. Ni kansa, nimekatwa titi, na uji naomba utiwe chumvi." Shabani alinuna wiki nzima. Uji ukaja na chumvi.

Lakini dripu zilikuwa bado tatu, na kitabu hakuna.

Tatu akaleta kingine. Nikakataa. Nilimwambia kitabu kama kile ni kama mume, akiondoka hukai eda leo na kuolewa kesho. Akafikiri. Akasema, "Basi tusisome. Tusikilize na tutazame." Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hili ndilo utakalolihitaji siku hadithi yako itakapoisha kabla ya matibabu.

Kwanza tulijaribu muvi ya Kizungu yenye maandishi chini. Usijaribu. Mimi nasoma, lakini nasoma kwa miguu na yale maandishi yanakimbia kwa pikipiki. Nikimtazama mtu usoni, maneno yamepita. Nikiyakimbiza maneno, mtu ameshakufa.

Kisha taarabu ya zamani, ile ya fidla na kanuni, mwimbaji anayekaa kimya muda mrefu vyombo vikilia ndipo afungue mdomo. Hiyo nakushauri kwa moyo wote. Dripu ya sita niliimaliza na taarabu masikioni. Fidla inaingia palepale ukungu wa kinamasi ulipokuwa unaingia. Lakini taarabu inakubembeleza, haikuburuti. Inakulaza vizuri. Haikuamshi ukasema lazima nirudi nikajue kilichotokea.

Na dripu ya sita dawa ilibadilishwa. Vidole vikafa. Nashika sindano, siisikii. Natia uzi, naona kwa macho umepita, vidole havina habari. Siku moja nilijichoma nikatia damu kwenye pazia jeupe la mteja, nikajua kwa kuona tu. Hapo ndipo nilipovunjika kweli. Titi nililitoa nikatania, nywele nikatania. Vidole sikuweza. Nikasema moyoni, ya saba siendi, na safari hii sitamwambia mtu, siku ikifika nitakataa tu.

Katikati ya hayo Tatu akaleta muvi kwenye flashi, kutoka kibanda kimoja Kariakoo, zile zinazotafsiriwa. Kama huzijui: kuna mtu anakaa na maiki, muvi inakwenda, yeye anaisimulia yote kwa Kiswahili juu ya sauti zao, anakuwa baba, mama, mbwa na mvua. Hii ilikuwa ya jumba kubwa la zamani, bibi arusi mgeni, na mzee mmoja mwanamke mwenye funguo kiunoni ambaye haeleweki ni adui au rafiki. Ilikuwa sehemu ya kwanza tu. Nikakaa mkao wa kula.

Binti anapanda ngazi. Mshumaa. Mbao zinalia, kri, kri. Upepo. Moyo wangu juu. Na yule msimuliaji anasema: "Haya wazee, mtoto wa watu huyo anapanda, hana hili wala lile, nawasalimu wote wa Tandika, mtaa wa nyuma kwa mama mihogo!"

Niliirusha rimoti.

"Anaitwa nani huyu?"

"Bibi, ndivyo wanavyofanya wote."

"Jina lake nani?"

Anaitwa Mihambo. Kesho yake nilikwenda, na kichwa changu kipara na kucha zangu nyeusi. Chumba chake kiko nyuma ya kibanda, kuta zote zimepigiliwa trei za mayai ili sauti isitoke. Mwanaume wa makamo, kitambi, sauti kubwa kuliko chumba. Nikamwambia pale ulipaswa kunyamaza. Ngazi zinaongea, wewe unasalimia watu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama kabila gani?"

"Mzaramo."

Akapiga makofi. "Nilijua! Mimi Mnyamwezi. Mzaramo hata augue mwili mzima, mdomo unabaki mzima."

Kumbe mtani. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu mababu, wana ruhusa ya kututukana nasi tuna ruhusa ya kuwatukana, na hakuna wa kukasirika. Nikamjibu, "Babu zako walikuwa wapagazi. Mpagazi kazi yake abebe mzigo anyamaze. Wewe umerithi mzigo, kunyamaza umeacha wapi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akairudisha ile sehemu, akanipa kiti. "Haya, nyamaza wewe tuone."

Muvi ikaenda. Ngazi. Nilinyoosha mkono kumzuia asiongee. Kri, kri. Yule mzee wa funguo akageuka, akafungua mdomo, na mimi bila kufikiri nikasema kwa sauti yangu hii iliyokwaruzwa na kutapika: "Rudi kulala, mwanangu. Nyumba hii haipendi wanaouliza."

Mihambo aliniangalia kama aliyeona jini. "Mama," akasema, na safari hii hakutania, "mimi kila nikiigiza kikongwe watu wanacheka. Wewe watajikojolea."

Basi nikawa mzee wa funguo. Tukairudia ile sehemu ya kwanza, kisha tukafanya ya pili. Binti anabembeleza afunguliwe chumba cha juu, mimi nasema sifungui. Niliona raha ambayo sikuipata tangu nishike mkasi mara ya mwisho. Sehemu ya tatu, ambayo mzee anatoa ufunguo, tukapanga tutaifanya baadaye.

Jumanne ya dripu ya saba ikafika. Shabani amekuja na bajaji. Nikalala kitandani nikageukia ukuta.

"Siendi."

"Mama, Tatu yuko tayari na faili."

"Faili aende nalo yeye. Mimi fundi. Fundi asiyesikia sindano anapona ili afanye nini?"

Shabani akakaa pembeni ya kitanda. Nilimsikia anapumua. Mtoto wa kiume wa miaka hamsini kasoro, analia kwa pua. Sikugeuka.

Ndipo kelele zikasikika uani. Sauti ile kubwa ya kibandani, kumbe Tatu alishampigia simu. "Jamaniii! Mzaramo kafaaa! Kafa kwa kuogopa sindano!"

Nilikaa. Kupitia dirishani namwona Mihambo amelala chali katikati ya ua, amejifunika kanga yangu aliyoianua kwenye kamba, kitambi kimesimama kama kaburi bichi. Watani ndivyo wanavyofanya msibani, wanajifanya maiti, wanamwigiza marehemu watu wacheke. Lakini mimi nilikuwa hai. Majirani wameshakusanyika, wanawake wameshika mbavu.

"Haya wazee," anasimulia chini ya kanga, kwa ile sauti ya muvi, "huyu hapa marehemu. Titi wamemkata, hakufa. Nywele zimetoka, hakufa. Kaja kufa leo, Jumanne, bajaji iko mlangoni! Na huku binti wa watu yuko ghorofani, amefungiwa, anagonga mlango, ufunguo kaondoka nao huyu bibi. Nani atamfungulia?"

"Mnyamwezi, toka kwenye kanga yangu!"

"Maiti inaongea! Wazaramo bwana, hata kaburini wana la kusema!"

"Vidole vyangu havisikii, wewe huelewi!"

Akatoa kichwa kwenye kanga. Hakucheka. "Kwani maiki unaishika kwa vidole? Mimi ndiye ninayeishika. Wewe leta mdomo." Kisha akajifunika tena akaanza kulia kwa sauti ya mwanamke, ananiita dada, ananiita shemeji, anadai ubani.

Nilitoka nimekusudia kumpiga na kandambili. Nilimpiga kweli, mbili za mguuni. Na nikiwa nimesimama pale nahema, wanawake wanacheka, nikaona nimeshavaa gauni, nimeshatoka nje, na bajaji ipo. Nilikuwa nimekasirika mno kurudi kulala. Nikamwambia Shabani, "Twende, kabla huyu hajanizika." Akakimbia kuwasha kama kijana.

Ya saba ilikwenda. Ya nane ilikwenda, kipupwe kikiwa mwishoni. Siku hiyo ya nane Tatu alikuja na muvi nzima kwenye simu, sehemu zote tatu, ile ya mwisho tuliirekodi wiki iliyotangulia, akaiegemeza kwenye chupa ya maji pale benchi. Mama Aika alikuwepo, dripu zake zilikuwa zimekwisha, alikuja kwa ajili ya muvi tu, na sambusa. Mzee wa funguo alipotoa ufunguo, Mihambo alinyamaza. Alinyamaza kweli, mpaka mlango ukalia. Mama Aika akanifinya paja: "Nilijua utafungua." Safari hii alikuwa anajua, maana Tatu alishamwambia.

Sasa nikuambie nilichokipata. Ukimaliza kitabu chenye jumba na mlango uliofungwa, usikimbilie cha kutisha zaidi. Sikiliza taarabu siku ile ambayo macho yamechoka. Tazama muvi iliyotafsiriwa, ukiwa na watu wanaokatiza, wanaobishana, wanaokula. Usitazame peke yako. Na kama una mtani, mtafute, hata kama mna miaka hamjasalimiana. Daktari ataongea na wewe kwa adabu, watoto watakuonea huruma, lakini unahitaji mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukutukana.

Vidole vimeanza kurudi. Viwili vya mkono wa kulia vinasikia, vingine vinanitekenya kama vina mchanga. Mapazia nashona yale mapana yasiyo na urembo, uzi ananitilia Tatu. Nywele zimeota nyeupe zimejikunja, Shabani anasema nimependeza, mimi nasema nimekuwa kama mbuzi wa Krismasi wa Mama Aika.

Mihambo amepata muvi nyingine, ina mama mkwe mkorofi kwenye jumba lenye kisima. Amenipigia simu jana, anataka turekodi Alhamisi. Nimemwambia Ijumaa. Alhamisi nina kliniki, na kliniki siiruki kwa ajili ya Mnyamwezi.